Kuipa Simu Intaneti ya Kompyuta ya Linux kwa Kebo ya USB: Njia Ipi Uichague?

Tumezoea simu kuigawia kompyuta: bando liko kwenye simu, kebo inachomekwa, na kompyuta inafungua kurasa. Makala haya yanahusu safari ya kinyume, ambapo kompyuta ndiyo yenye intaneti na simu ndiyo yenye njaa. Hapa Uganda haja hiyo hutokea mara nyingi kuliko inavyodhaniwa. Katika ofisi za Kampala, Mbarara, Gulu au hapa Arua ninapofanyia kazi, si ajabu kukuta kompyuta ya mezani iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika ng'ambo, haina kadi ya Wi-Fi, na imeunganishwa kwa waya na mtandao ambao ofisi huulipia kila mwezi, uwe umetumika au haukutumika. Mbele yake ameketi mtu mwenye simu ya Tecno au Itel anayenunua bando kwa megabaiti, bando ambalo tangu Julai 2021 linabeba ushuru wa asilimia 12, uliochukua nafasi ya ule wa shilingi 200 kwa siku uliokuwa ukitozwa kwa mitandao ya kijamii tangu Julai 2018. Kebo ya kuchajia simu yake tayari imechomekwa kwenye kompyuta, lakini haipitishi chochote zaidi ya umeme.

Kama mtandao si wako, mwulize kwanza anayeusimamia. Njia zote nitakazozieleza huifanya simu ionekane kwa mtandao wa ofisi kama kompyuta yako, kwa hiyo lolote litakalofanywa na simu litaandikwa kwa jina lako.

Katika kulinganisha nitatumia kipimo kimoja zaidi ya vingine, nacho ni hiki: je, simu yenyewe inaamini kwamba imeunganishwa? Kupitisha data kwenye kebo ni kazi nyepesi ambayo Linux imeimudu miaka mingi. Ugumu uko upande wa pili. Programu nyingi za Android, kabla ya kutuma chochote, huuliza mfumo kama kuna mtandao, na mfumo ukijibu hapana, programu hukaa kimya na kukuonyesha alama ya kukosa intaneti, hata kama njia ya paketi, yaani vipande vidogo ambavyo data hukatwa ili isafiri, imenyooka kabisa. Nimeona watu wakihangaika siku nzima na kanuni za ngome ya kompyuta (firewall, inayoamua data ipi ipite) ilhali kikwazo kilikuwa hicho.

Njia ya kwanza: kusambaza kwa USB, kisha kuigeuza njia kwa mamlaka ya root

Hii ndiyo njia ya zamani, na maelekezo yake bado yamejaa mtandaoni. Unawasha kwenye simu ile huduma ya kusambaza mtandao kwa USB, kompyuta inapata kiolesura kipya cha mtandao, kwa kawaida usb0 au jina refu linaloanza na enx, kisha unairuhusu Linux kupitisha paketi na kuzificha nyuma ya anwani yake:

sudo sysctl -w net.ipv4.ip_forward=1
sudo iptables -t nat -A POSTROUTING -o eth0 -j MASQUERADE

Mahali pa eth0 unaandika jina la kiolesura kinacholeta intaneti. Upande wa kompyuta kazi imekwisha. Upande wa simu ndiko mambo yanakoharibika, kwa sababu simu inajiona kuwa ndiyo mtoaji wa intaneti, si mpokeaji. Ili kuibadilisha mawazo unahitaji mamlaka ya root, yaani uwezo wote juu ya mfumo wa simu, uingie kwa adb shell (adb ni zana ya kuiamuru simu ya Android kutoka kwenye kompyuta), na kuiandikia njia kuu inayopita kwenye kompyuta. Katika simu za zamani, ambazo daima zilijipa anwani 192.168.42.129, amri moja ilitosha. Tangu Android 5, mfumo hutumia majedwali mengi ya njia yanayochaguliwa kwa kanuni, hivyo njia uliyoiandika kwenye jedwali kuu inaweza kupuuzwa kabisa. Anwani nazo katika matoleo mapya hubadilika kila mara, na ule ujanja wa kuweka DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani za nambari) kwa amri ya setprop hauna nguvu tena. Ukishavuka yote hayo, bado programu nyingi zitauliza mfumo na kujibiwa kwamba hakuna mtandao.

Kuna hatari nyingine ambayo maelekezo mengi hayaitaji, na ilinigharimu mimi mwenyewe. Simu inapowasha usambazaji, NetworkManager, programu inayosimamia miunganisho kwenye Linux, huiona kama waya wa mtandao uliochomekwa, huchukua anwani kutoka kwake, na huwa tayari kuitumia kama njia ya kutokea. Siku niliyoijaribu njia hii kwa mara ya kwanza, waya wa ofisi ulikatika kidogo, kompyuta ikahamia kwenye simu bila kuniambia, na masasisho ya Ubuntu (aina ya Linux) yaliyokuwa yakishuka chinichini yakaendelea kushuka kwa bando langu la wiki. Kabla ya saa ya chakula bando lilikuwa limekwisha. Kwa hiyo anayelazimika kuitumia njia hii azime data ya simu kwanza, kisha akataze kompyuta kuichukua simu kama njia kuu, akiweka jina la muunganisho wake:

nmcli connection modify "Wired connection 2" ipv4.never-default yes ipv6.never-default yes

Simpendekezei mtu kuifungua simu hadi ngazi ya root kwa ajili ya jambo hili. Programu nyingi za benki hukataa kufunguka kwenye simu iliyofunguliwa hivyo, na kwa mtu ambaye simu ndiyo pochi yake, hasara hiyo ni kubwa kuliko bando lolote. Njia hii inamfaa tu mwenye simu ambayo tayari ina root na anayependa kujifunza jinsi mitandao inavyofanya kazi. Kwake itakuwa darasa zuri.

Njia ya pili: Gnirehtet

Gnirehtet ni programu huria iliyotolewa na kampuni ya Genymobile mwaka 2017. Jina lake ni neno tethering lililoandikwa kutoka mwisho kuja mwanzo, na ndivyo inavyofanya kazi. Haidai mamlaka ya root, si kwenye simu wala kwenye kompyuta, na inafanya kazi kwenye simu yoyote ya Android kuanzia toleo la 5.0.

Ujanja wake unastahili kuelezwa, kwa sababu ndio unaoeleza uwezo wake na mipaka yake. Kwenye simu inasakinishwa programu ndogo inayojitambulisha kwa Android kuwa ni VPN, yaani njia ya faragha inayopokea data yote ya simu na kuipeleka kwingine. Android, kwa kuwa imeambiwa kuna VPN, huipa paketi zote za programu zote. Programu hiyo huzipitisha kwenye mfereji uliofunguliwa na adb ndani ya kebo ya USB hadi kwenye kompyuta, ambako programu mwenza huzipokea, huzisoma, na kufungua miunganisho ya kawaida kwa niaba ya simu, kama vile kivinjari chako kinavyofungua. Kwa sababu hiyo hakuna ngome ya kubadilishwa, hakuna kiolesura kipya cha mtandao, na hakuna nafasi ya kompyuta kugeuka na kuanza kula bando la simu. Simu nayo inaamini kwamba imeunganishwa, kwa kuwa VPN ni mtandao halali machoni pa mfumo. Utaona alama ya ufunguo juu ya kioo.

Maandalizi yanahitaji uvumilivu mara ya kwanza tu. Kwenye simu unafungua mipangilio, unaingia sehemu ya kuhusu simu, unagusa nambari ya muundo mara saba hadi menyu ya wasanidi programu itokee, kisha unawasha utatuzi wa USB. Kwenye Ubuntu au Debian unasakinisha adb pamoja na kifurushi cha kanuni zinazoitambulisha simu kwa mfumo:

sudo apt install adb android-sdk-platform-tools-common

Kifurushi hicho cha pili watu hukisahau, kisha amri ya adb devices huwajibu kwamba hawana ruhusa nao huanza kuilaumu kebo. Jibu likiwa ni unauthorized, tatizo ni jingine: angalia kioo cha simu, kuna swali linalosubiri ukubali kompyuta hiyo. Baada ya hapo unapakua Gnirehtet, na hapa kuna matoleo mawili, moja la Java linalohitaji Java kuwepo kwenye kompyuta, na jingine lililoandikwa kwa Rust ambalo linajitosheleza. Kwa kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo chukua la Rust. Unafungua faili, unaingia kwenye folda yake, na kuandika:

./gnirehtet run

Simu itakuuliza kama unakubali VPN. Ukikubali, kazi imekwisha. Ukitaka kusimamisha, bonyeza Ctrl na C.

Sasa mipaka. Gnirehtet hubeba TCP na UDP, aina mbili za usafirishaji zinazotumiwa na programu nyingi, kwa anwani za IPv4 (za mfumo wa zamani) peke yake. Kwa matumizi ya kila siku hilo halina neno. Ujumbe, kurasa, video na simu za WhatsApp hupita. Lakini amri ya ping, ya kupima kama mtandao unafika, haitajibu, kwa hiyo usiipime kwa ping ukadhani imeshindwa. Baadhi ya programu zinazosubiri Wi-Fi kabla ya kupakua mafaili makubwa zinaweza kuendelea kusubiri. Kwangu duka la programu lilitulia baada ya kubadilisha mpangilio wake ili likubali kupakua kwa mtandao wowote.

Tatizo ninaloulizwa zaidi ni la DNS. Isipoambiwa vinginevyo, Gnirehtet huielekeza simu kwenye 8.8.8.8, seva ya DNS ya Google, na ofisi nyingine huzuia kompyuta zake zisiulize majina nje ya seva ya ofisi. Dalili yake ni ufunguo kuonekana juu ya kioo huku hakuna ukurasa unaofunguka. Tazama seva ya ofisi kwa resolvectl status, kisha uitaje, kwa mfano:

./gnirehtet run -d 10.0.0.1

Kebo yenyewe nayo ni jambo la kuzingatia kwa makini. Dada mmoja wa idara ya uhasibu aliniita akisema mtandao unakuja na kwenda. Nilikuta simu yake ina tundu la USB ndogo lililolegea, na kila alipoisogeza simu ili asome ujumbe, ncha ya kebo ilicheza, mfereji wa adb ukakatika, ufunguo ukatoweka, na simu ikarudi kwenye data yake kimyakimya. Kwa wiki mbili alikuwa akiamini anatumia mtandao wa ofisi kumbe nusu ya saa zake alikuwa akilipa mwenyewe. Tulifanya mambo mawili: alizima data ya simu kila anapokuwa mezani, na badala ya run tukatumia ./gnirehtet autorun, ambayo hungoja simu na kuiunganisha upya kila inapoonekana. Tatu, kwa kweli, ilikuwa kununua kebo mpya.

Kuhusu usalama, utatuzi wa USB ni mlango. Kompyuta uliyoikubalia inaweza kusakinisha programu na kunakili mafaili ya simu yako, hivyo kwenye kompyuta inayotumiwa na watu wengi usiweke alama ya kuikubali daima, na ukimaliza kazi uzime utatuzi. Baadhi ya programu za benki pia hulalamika zikiona utatuzi umewashwa. Zime, lipa, kisha uwashe tena.

Njia ya tatu: adapta ya Ethernet kwenye simu

Kwa anayejua kwamba atahitaji jambo hili kila siku kwa miezi, nadhani hii ndiyo njia bora, nayo haina programu yoyote ya kusakinisha kwenye simu. Unanunua adapta inayogeuza tundu la USB la simu kuwa tundu la waya wa mtandao. Zenye chipu ya Realtek RTL8153 au ASIX AX88179 hutambuliwa na simu nyingi za Android, mradi simu yako inakubali OTG, yaani inaweza kuviendesha vifaa vinavyochomekwa kwake. Waya wa mtandao unatoka kwenye adapta hadi kwenye tundu la Ethernet la kompyuta, na kwenye kompyuta unaweka muunganisho huo ugawie wengine:

nmcli connection modify "Wired connection 1" ipv4.method shared
nmcli connection up "Wired connection 1"

NetworkManager hujipa anwani 10.42.0.1, huipa simu anwani ya mfululizo huo, na kufanya kazi yote ya kupitisha na kuficha anwani bila wewe kuandika kanuni hata moja. Kwenye Debian hakikisha kifurushi cha dnsmasq-base kipo, la sivyo simu itangoja anwani isiyokuja. Kama una Docker (programu ya kuendesha programu nyingine ndani ya makasha) kwenye kompyuta hiyo, kumbuka kwamba yenyewe huweka kanuni ya kukataa mapito ya paketi, na mara nyingi ndiyo inayofanya simu ipate anwani lakini isipate intaneti. Ngome ya ufw nayo ikiwa imewashwa, chunguza kama haizuii maombi ya simu.

Kwa kipimo nilichokitaja mwanzoni, hakuna njia inayoishinda hii. Android huijua Ethernet kama mtandao kamili, huijaribu kwa kufungua ukurasa mdogo wa Google unaojibu kwa msimbo 204, na ikipata jibu hilo huwaambia programu zote kwamba intaneti ipo na haina kikomo cha bando. Masasisho yanashuka, nakala za picha zinapanda, hakuna anayeuliza Wi-Fi. Waya wake unaweza kufika mita 100, ilhali kebo ya USB 2.0 haitakiwi kuzidi mita 5.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Kwanza, kompyuta lazima iwe na tundu la Ethernet lililo huru. Kama intaneti ya kompyuta inakuja kwa modemu ya USB au kwa Wi-Fi, tundu liko huru na mambo ni mepesi; kama inakuja kwa waya na tundu ni moja, utahitaji adapta ya pili upande wa kompyuta. Pili, umeme. Simu inayoiendesha adapta ndiyo inayoilisha, kwa hiyo badala ya kuchajiwa inaishiwa chaji, isipokuwa adapta yako ina tundu la kupitishia chaja. Katika Gnirehtet ni kinyume: kebo ileile inayobeba data inachaji simu, kwa miliampea 500 kwenye tundu la USB 2.0 au 900 kwenye USB 3.0. Siku ambayo umeme umekatika na umebaki na betri ya laptopu peke yake, tofauti hiyo ndiyo itakayokuamulia.

Hotspoti na Bluetooth

Mwenye laptopu yenye kadi ya Wi-Fi, ambayo intaneti yake inakuja kwa waya au modemu, hana haja ya kuhangaika na USB. Aandike iw list, aangalie kama neno AP (yaani kadi inaweza kutangaza Wi-Fi) limo katika orodha ya hali zinazokubaliwa na kadi, kisha awashe hotspoti kwa nmcli device wifi hotspot au kwenye mipangilio ya GNOME. Simu itaiona kama Wi-Fi nyingine yoyote, na hata iPhone, ambayo Gnirehtet haiwezi kuihudumia kabisa, itaingia. Kikwazo ni pale intaneti ya laptopu inapokuja kwa Wi-Fi hiyohiyo, kwa kuwa kadi nyingi haziwezi kupokea na kutangaza kwa wakati mmoja. Hapo ndipo kebo inaporudi kuwa na maana. Bluetooth inawezekana pia, lakini haifiki hata megabiti 3 kwa sekunde, na kuipanga kwenye Linux kunachukua muda ambao haulipi.

Wenye VPN kwenye simu

Jambo hili linawagusa wengi hapa kwetu, kwa sababu tangu Facebook ilipofungwa nchini Januari 2021 VPN imekuwa programu ya kawaida katika simu za watu, mbali na wale wanaoihitaji kwa kazi za ofisi. Android hairuhusu VPN mbili kwa wakati mmoja. Ukiwasha Gnirehtet, VPN yako ya kawaida inazimwa. Ukiwasha VPN yako, Gnirehtet inakatika. Kwa adapta ya Ethernet au hotspoti hakuna mgongano huo, nawe unaendelea na VPN yako kama kawaida. Anayeng'ang'ania Gnirehtet anaweza kuiweka VPN kwenye kompyuta badala ya simu, na kwa kuwa miunganisho yote ya simu hufunguliwa na kompyuta, itapita humo bila mpango wa ziada. Asisahau tu kwamba seva ya DNS ya ofisi aliyoitaja kwa -d huenda isifikike VPN ya kompyuta ikishawaka.

Mimi ofisini natumia Gnirehtet kwa autorun, kwa sababu kompyuta ina tundu moja la waya nalo limeshikwa, na simu yangu hurudi nyumbani ikiwa na chaji. Nyumbani, ambako laptopu inapata intaneti kwa modemu ya USB, nina adapta ya RTL8153 yenye tundu la chaja, niliyoagiza Kampala ikaja na basi la usiku, nayo huwa inabaki mezani ikiwa na waya wake.